Chuma cha Keya Katika Mizani ya Buguruni

MAKALA MAALUMU

Kichwa cha lori la vita kimefika kwa mnunuzi wa chuma chakavu. Mzee, fundi na mwenye yadi kila mmoja anakitazama kwa jicho lake, na jina lake halisi hakuna aliyelijua.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla jua halijapata nguvu juu ya mapaa ya Buguruni kwa Mnyamani, vijana wawili walisukuma mkokoteni hadi mbele ya yadi ya chuma chakavu, na juu ya mkokoteni huo palifungwa kwa kamba za katani kichwa cha lori: bati nene lililoliwa na kutu, mlango mmoja tu, boneti fupi mno, na madirisha mawili ya mbele yasiyo na vioo, ambayo fremu zake zilikuwa zimeinama kwa namna nisiyopata kuiona katika gari lolote la barabara zetu, sehemu ya juu ikitangulia mbele na ya chini ikirudi nyuma.

Mwenye yadi alikizunguka mara moja, akakigonga kwa kisigino cha kiatu asikie unene wake, kisha akatamka neno moja: mizani.

Hapo mzee mmoja, aliyekwisha pita miaka sabini na mitano, ambaye kila siku huketi kwenye benchi la muuza kahawa upande wa pili wa njia, alivuka na fimbo yake, akaliwekea bati lile kiganja cha mkono, akasema kwamba lisipimwe kwanza. Kwani hilo, alisema, ni lori la vita, tena la namna ile ile aliyoiendesha marehemu baba yake alipokuwa dereva wa Keya, yaani kikosi cha Kiingereza cha King's African Rifles, kutoka Kenya hata Adisi Ababa katika nchi ya Habeshi.

"Shikamoo, babu," akasema fundi makenika kutoka gereji ya jirani, akijifuta grisi mikononi. "Lakini hii ni Bedfordi. Malori yote ya jeshi ya zamani ni Bedfordi."

"Marahaba, mwanangu," akajibu mzee. "Baba hakupata kulitaja jina hilo. Alisema Fodi."

Mhariri alikuwa amenituma Buguruni kuandika mintarafu ya bei ya chuma chakavu. Nilirudi na swali jingine, nalo ni hili: lori lisilo na injini, lisilo na chesisi, lisilo hata na kibao cha jina, laweza kutambuliwa kwa dalili gani, na ya nini kulitambua?

Jina la Kariakoo na hesabu ya vichwa

Jibu la swali la pili lipo karibu, safari fupi ya daladala kutoka Buguruni. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1916, walikita kambi ya wapagazi wao wa kijeshi mahali ambapo Wajerumani walikuwa wamejenga jengo la soko, na kikosi hicho cha wapagazi, kilichoitwa Carrier Corps, kiliachia mtaa jina ambalo ndimi za wenyeji zimelilainisha hata mgeni asidhani kuwa lilipata kuwa la kigeni: Kariakoo.

Wapagazi walioandikwa upande wa Waingereza peke yao katika vita vile, Vita Kuu vya Kwanza, walikaribia milioni moja, na waliokufa walikaribia laki moja, wachache kwa risasi, na walio wengi kwa kuhara, malaria, homa ya mapafu na uchache wa chakula. Walichukuliwa vijijini kwa sababu mbung'o waliwaua farasi, nyumbu na ng'ombe walioletwa kuvuta mizigo, ama motokaa za Ford zilizokuwapo zilikuwa chache, na masika yaliponyesha zilizama katika matope yale yale yaliyowazamisha watu.

Mzigo wa mpagazi mmoja ulikuwa ratili hamsini hadi sitini. Tuchukue sitini. Lori la tani tatu, ambalo ndilo lililokuwa uti wa mgongo wa uchukuzi wa majeshi ya Kiingereza katika vita vilivyofuata, lilibeba ratili 6,720, yaani frasila 192 kwa frasila ya ratili 35; na ukizigawa ratili hizo kwa mizigo ya sitini sitini, unapata vichwa 112 vya binadamu.

> Ratili 6,720 ni vichwa 112. Lori lilitaka dereva mmoja na utingo wake.

Hesabu hiyo niliifanya kwa kalamu juu ya goti langu pale pale kwenye yadi, na nakiri kwamba tangu hapo nimeshindwa kulitazama lori kuukuu kama nilivyolitazama zamani. Wana wa watu waliokufa chini ya mizigo mwaka 1917, miaka ishirini na mitatu baadaye, walipewa usukani. Hawakuulizwa kama wanavitaka vita vile, na wengi waliandikwa kwa nguvu. Illa mzigo, angalau, uliondoka kichwani.

Viwanda visivyolala

Mwezi wa Mei na Juni 1940, jeshi la Kiingereza lilipokimbilia pwani ya Ufaransa na kuvushwa kutoka Dunkirk, watu wengi waliokolewa, lakini magari hayakuweza kupakiwa katika mashua. Zaidi ya magari 60,000 yaliachwa yakiungua au yakichukuliwa na Wajerumani. Jeshi lililorudi nyumbani halikuwa na miguu.

Uingereza ilikuwa na viwanda vyake, hususan cha Vauxhall katika mji wa Luton, kilichounda malori ya Bedford yapatayo 250,000 katika miaka ya vita, huku pia kikiunda vifaru vya Churchill. Lakini viwanda hivyo vilikuwa chini ya mabomu, navyo havikutosha. Ndipo macho yalipogeukia Kanada.

Huko Kanada, Ford iliyokuwa Windsor na General Motors iliyokuwa Oshawa, miji yote miwili ikiwa katika jimbo la Ontario, zilikwisha fanya jambo ambalo wafanyabiashara washindani hawalifanyi wakati wa amani: ziliafikiana kuunda lori la ramani moja, kwa vipimo vya jeshi la Kiingereza, usukani ukiwa upande wa kulia, kila kampuni ikitia injini yake. Kabla vita havijaisha, Kanada ilikuwa imetoa magari ya kijeshi zaidi ya laki nane, na yaliyopindukia laki nne kati ya hayo yalikuwa ya ramani hiyo ya pamoja.

Kwa nchi zetu jambo hili lina maana ya pekee. Kampuni ya Ford ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1904, ndiyo iliyokuwa na haki ya kuuza katika himaya ya Kiingereza nje ya Uingereza yenyewe; kwa hiyo Fodi ambayo mkulima wa pamba wa Mwanza au mwenye duka wa Tabora aliiona zama hizo, aghalabu, haikutoka kwa Henry Ford wa Marekani moja kwa moja, bali ilipita mkono wa Kanada.

Malori hayo yalisafirishwa yakiwa vipande ndani ya masanduku ya mbao, ili merikebu moja ichukue mengi. Yalipofika bandarini yaliunganishwa huko huko. Afrika ya Kusini, Ford ilikuwa na karakana Port Elizabeth tangu 1924 na General Motors tangu 1926, na kutoka huko yalitoka malori mengi yaliyopanda kaskazini kuja kupigana katika nchi za Afrika ya Mashariki.

Iko gari moja ya kivita ambayo nasaba yake yanishangaza kila niisomapo. Chesisi yake ilikuwa ya Ford ya Kanada. Vyombo vya kuyaendesha magurudumu ya mbele vilitoka kampuni ya Marekani iitwayo Marmon-Herrington. Na mabamba yake ya chuma ya kuzuia risasi yalifuliwa Afrika ya Kusini. Afrika ya Kusini iliunda zaidi ya 5,000 za aina hiyo, na za kwanza kwanza zilijaribiwa kwa moto katika vita vya Habeshi. Muulize mtu gari hiyo ni ya nani, nawe umsamehe akikawia kujibu.

Kusoma herufi na tarakimu

Nahodha wa Pwani hamwulizi mtu jina la chombo kinachotokea upeoni. Hutazama omo na tezi, akajua hii ni baghala, ile ni sambuku, na lile ni jahazi. Ilimu ya malori ni hiyo hiyo, ila bahari yake ni yadi.

Malori ya Kanada yalipewa majina mafupi. Herufi F ni Ford, na C ni Chevrolet ya General Motors. Tarakimu inayofuata ni uwezo wa kubeba, kwa kipimo cha Kiingereza chenye ratili 112: kwa hiyo 15 ni robo tatu ya tani, yaani frasila 48, 30 ni tani moja na nusu, na 60 ni tani tatu. Herufi S baada yake yaonyesha chesisi fupi, na L chesisi ndefu. Basi anayesema F60L amesema, kwa sauti nne tu, Ford ya tani tatu yenye chesisi ndefu, ambayo ekseli yake ya mbele na ya nyuma zilikuwa futi 13 na inchi 2 mbali mbali.

Waingereza wa Luton walikuwa na desturi nyingine. Bedford yao ya robo tatu ya tani iliitwa MW; ya tani tatu yenye boneti bapa iliitwa OY; na ile iliyotoka mwaka 1941, iliyoendeshwa kwa magurudumu yote manne na dereva akiwa amekaa juu ya injini, iliitwa QL, nazo ziliundwa zaidi ya 50,000. Wamarekani nao walikuwa na GMC ya magurudumu sita yenye jina CCKW, ambalo kila herufi yake ina maana: ya kwanza ni mwaka wa ramani, 1941, ya pili, kichwa cha kawaida chenye boneti mbele, K, magurudumu ya mbele yanayovuta, na W, ekseli mbili za nyuma. Hizo zilipita laki tano.

Juu ya yote hayo jeshi la Kiingereza lilipiga namba yake kwa rangi nyeupe ubavuni mwa boneti, ikitanguliwa na herufi: L kwa malori makubwa, Z kwa madogo ya tani moja kushuka chini, M kwa motokaa za maofisa, A kwa gari za wagonjwa. Na pembeni palikuwa na alama ya kikosi. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, iliyokwenda Burma, ilibeba kichwa cha mnyama kifaru.

Kioo kinachotoa ushahidi

Nirudi sasa kwenye mkokoteni. Fundi alikuwa amekosea, nalo si kosa la kumlaumu. Jina la Bedford lilienea nchini baada ya vita hata likawa jina la kila lori kuukuu, kama mswaki wa duka ulivyochukua jina la mti. Lakini fremu za madirisha zilimkanusha.

Vichwa vya malori ya Kanada vilipita katika mitindo mitatu, iliyoitwa kwa tarakimu 11, 12 na 13. Miwili ya kwanza ilikuwa na kioo cha mbele kilichosimama wima. Wa 13, ulioanza mwishoni mwa 1941, ulikuwa na kioo kilichoinamia mbele, juu ikitangulia, ili jua lisimpige dereva machoni na wala mng'ao wake usionekane na rubani wa ndege ya adui aliye angani. Boneti ilikuwa fupi kwa sababu injini ilisogezwa ndani, nafasi ipatikane ya shehena. Na madereva waliteseka kwa joto na kwa kubanwa miguu baina ya injini na mlango.

Kile kilichokuwa mbele yetu kilikuwa mtindo wa 13, bila shaka yoyote.

> Kwa kioo chake tu, lori hili halikuweza kuwako Adisi Ababa mwezi wa Aprili 1941.

Na hapo ndipo ilimu ilipomjeruhi mzee. Maana majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Cunningham yalivuka kutoka Kenya mwanzoni mwa 1941 kuwapiga Waitalia, yakaingia Mogadishu tarehe 25 Februari, Harar tarehe 26 Machi, na Adisi Ababa tarehe 6 Aprili, yakiwa yamekata maili zipatazo 1,700 kwa kasi ambayo isingaliwezekana bila malori, wala malori yasingaliwezekana bila galoni 350,000 za petroli zilizokutwa Mogadishu, ambazo Waitalia waliziacha bighairi ya kuzichoma. Mwezi wa Mei, Keya wa Tanganyika walipigana mahali paitwapo Colito, jina ambalo baadaye lilipewa kambi ya jeshi iliyokuwa nje ya mji wa Dar es Salaam, nayo leo yaitwa Lugalo. Waitalia wa mwisho walisalimu amri Gondar mwezi wa Novemba. Mtindo wa 13 ulikuwa ndio kwanza unatoka Ontario.

Nilimweleza mzee hayo kwa upole niliouweza. Alinyamaza kitambo. Kisha akauliza, "Sasa baba aliendesha nini?"

Yamkini Fodi, kama alivyosema mwenyewe; Ford au Chevrolet ya boneti ndefu ya kiraia, iliyopakwa rangi ya jeshi, kwani hayo ndiyo yaliyokuwa mengi katika misafara ile. Ama malori ya mtindo wa 13 yalikuwa ya safari za baadaye. Majeshi ya Kiingereza yaliyatumia kwa wingi Italia na Burma, na watu wetu walikuwako Burma mwaka 1944, katika bonde la Kabaw, wakati masika ya huko yalipogeuza njia kuwa mito na vyakula vikadondoshwa kwa ndege, hata wakafika Kalewa, ambapo mwezi wa Desemba daraja la chuma la futi 1,154 lilitandazwa juu ya mto Chindwin ili malori yavuke.

Kitu kimoja hatukuweza kukijua. Ford au Chevrolet? Vichwa vyao ni kama mapacha. Tofauti iko ndani: Chevrolet ilikuwa na silinda sita katika mstari mmoja, na Ford silinda nane zilizogawanyika pande mbili, kwa hiyo rejeta ya Ford ilipokea maji ya moto kwa mabomba mawili juu, moja kwa kila upande wa injini. Lakini rejeta ni shaba, na shaba huuzwa kwanza. Kibao cha jina nacho kilikuwa kimeng'olewa. Pamebaki matundu manne ya ribiti kwenye dashibodi. Biashara hii, bila ya kukusudia, huanza kwa kuwaondoa mashahidi.

Kutoka vitani hadi mashamba ya karanga

Vita vilipokwisha, watu zaidi ya 80,000 waliokuwa wamechukuliwa jeshini kutoka Tanganyika walirudi wakiwa na ujuzi ambao nchi haikuwa nao mwaka 1939, na malori yaliyobaki yaliuzwa kwa wenye mashamba ya katani, wafanyabiashara na wakandarasi.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mradi wa karanga Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea, ikikusudia kulima ekari 3,210,000. Zana zilizoletwa zilikuwa mabaki ya vita: matrekta yaliyookotwa katika maghala ya jeshi la Marekani huko Ufilipino, na hata vifaru vya Sherman vilivyovuliwa mizinga na kugeuzwa matrekta na kampuni ya Vickers, vikaitwa Shervick. Ardhi ya Kongwa, ngumu kama saruji wakati wa kiangazi, iliyavunja majembe. Mradi ukafungwa mwezi wa Januari 1951 kwa hasara ya pauni zipatazo milioni 36. Mengi yameandikwa juu ya hasara hiyo. Machache yameandikwa juu ya vijana waliojifunza pale kufungua gia boksi, ambao baadaye walitawanyika nchi nzima na spana zao.

Mikononi mwa watu hao lori la vita lilianza maisha ya pili. Injini ya petroli iliyokunywa bila huruma ilitolewa, ikatiwa ya dizeli ya Perkins. Bodi ya jeshi ilibomolewa, seremala akajenga ya mbao. Chesisi ndefu ikabeba watu, pamba, mkaa, ng'ombe.

Na vita havikuacha kuomba malori. Majeshi ya Idi Amin yalipoivamia Kagera mwaka 1978, malori ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kwenda mbele, na baadaye, katika miaka ya 1980, nchi yetu ikajaribu kuunda lori lake yenyewe katika karakana ya jeshi huko Kibaha. Liliitwa Nyumbu. Wengi hudhani jina hilo ni la yule mnyama wa Serengeti tu. Lakini katika Kiswahili cha kale cha Pwani nyumbu ni mtoto wa punda na farasi, mnyama wa mizigo, yule yule aliyekufa kwa mbung'o mwaka 1916.

Rai tatu mbele ya mizani

Mwenye yadi si adui wa tarikhi, naye asionewe. Kijana akileta chuma alipwe siku ile ile. Lori la kupeleka shehena kiwandani halingoji. Na chuma kinachoyeyushwa huwa nondo, na nondo huwa nyumba za watu. Alinieleza kwamba kila juma huletewa vitu ambavyo mtu fulani, akiulizwa, angesema vihifadhiwe. "Mwandishi, nikiviweka vyote," alisema, "nitalala wapi mimi?" Hoja hiyo ni ya haki.

Fundi, baada ya kukubali kwamba si Bedford, alitoa rai ambayo sikuitazamia, nami naiona ndiyo nzito kuliko zote. Alisikia kwamba Ulaya na Kanada wako watu wanaokusanya malori haya, wakayarudisha yalivyokuwa siku yalipotoka kiwandani, kila skrubu mahali pake. Akauliza: wakilichukua hili, watafanya nini na hiki? Akanionyesha.

Sakafu ya upande wa dereva ilikuwa imezibwa kwa bati la pipa la mafuta, ambalo herufi zake zilisomeka bado, zikiwa juu chini. Bawaba za mlango zilikuwa za lango la nyumba. Mahali pa kushika palikuwa na kipande cha nondo kilichokunjwa kwa nyundo, kikang'arishwa na viganja vya miaka mingi. Kulehemu kwake, alisema fundi, kulifanywa na mtu aliyejua kazi. Tazama mshono huu, haukupasuka.

> "Wakilirudisha kama lilivyotoka kiwandani, mafundi wote waliolitunza watakuwa wamefutwa."

Naafikiana naye. Kiwanda cha Ontario kilitumia saa chache kuliunda lori hili, na mikono ya watu wetu imelishughulikia miaka inayokaribia themanini. Anayetaka kulitambua sawasawa na aandike yote mawili, F au C, na pipa la mafuta pia.

Rai ya tatu ni ya mzee, nayo haikuwa hoja. Alitaka tu lisivunjwe leo.

Sheria na mwaka 1863

Je, sheria yamsaidia? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa 1979, huvilinda vitu vilivyofanywa kwa mkono wa binadamu kabla ya mwaka 1863. Hulinda pia milango ya mbao iliyonakshiwa kwa mtindo wa Pwani kabla ya 1940, na hapo watunga sheria waliona mbali, maana milango hiyo ilikuwa ikisafirishwa nje kama bidhaa. Lori la mwaka 1942 limechelewa kwa mlango wa kwanza kwa miaka sabini na tisa, na kwa wa pili kwa miwili.

Lakini Waziri ana uwezo wa kutangaza kitu kingine chochote kuwa cha kulindwa, na hapa ndipo ninapotoa shauri langu wazi. Makumbusho ya Taifa ya Dar es Salaam yamehifadhi motokaa za wakuu wa nchi, ikiwemo Rolls-Royce ya zamani, na watoto wa shule huzitazama kwa furaha. Lori moja la dereva wa Keya, lenye viraka vyake vyote, lina haki ya kusimama chini ya paa hilo hilo, na ubavuni mwake iandikwe ile hesabu ya vichwa 112. Na hata kabla ya hapo, kila mwenye yadi angeweza kuombwa jambo dogo lisilomgharimu kitu, yaani kupiga picha kibao cha jina kabla ya kukiuza. Simu anayo mfukoni.

Hayo ni ya kesho. Siku ile wale vijana wa mkokoteni walikuwa wanangoja fedha yao, jua limekwisha kuwa kali. Mwenye yadi alitaja bei kwa kukadiria, pasipo kupima. Mzee alitoa alichokuwa nacho ndani ya kofia, nami nikajaliza. Kichwa kikateremshwa, kikaegemezwa ukutani nyuma ya rundo la springi, kwa ahadi ya juma moja. Fundi alichukua chaki ya kuandikia matairi, akaandika mlangoni kwa herufi kubwa: FORD AU CHEV. ISIPIMWE.

Mzee alikuwa amekwenda nyumbani. Alirudi baada ya nusu saa na bahasha iliyofungwa ndani ya kipande cha kanga, akatoa picha ndogo yenye kingo zilizokatwa meno meno, ya rangi ya chai. Kijana mmoja amesimama mbele ya lori, kaptura yake pana, kofia ameishika mkononi, uso mkavu. Nyuma ya bega lake la kushoto yaonekana boneti, ndefu, yenye taa moja kubwa. Na ubavuni mwa boneti, tarakimu mbili nyeupe.

Zilizobaki zimezibwa na kiwiko chake, na jina la lori, lililokuwa katikati ya pua, liko nyuma ya kifua. Sote wanne, pamoja na mwenye yadi aliyekuja akiwa na miwani mkononi, tuliigeuza picha ile kwenye mwanga huku na huku.